Bei ya Tikiti Isemwe Yote Tangu Mwanzo

Msimu wa likizo na sikukuu unapokaribia, simu zetu hujaa matangazo ya matamasha ya kasida, michezo ya watoto, na maonyesho ya mapishi na mavazi ya kina mama. Tuchukue mfano wa familia ya watu watano na tikiti iliyotangazwa kwa shilingi 1,000. Mama hupiga hesabu, akatenga shilingi 5,000 katika matumizi ya nyumba, kisha akawapasha watoto habari njema. Aingiapo kwenye intaneti huchagua siku, akaandika majina, akajaza nambari ya simu. Ukurasa wa mwisho ndio unaomwonyesha ada ya huduma ya shilingi 100 kwa kila tikiti, ada ya ukumbi ya shilingi 80 kwa kila mtu, na shilingi 150 za kushughulikia malipo. Zile shilingi 5,000 zimekuwa 6,050.

Shilingi 1,050 huenda ndiyo nauli ya familia kwenda na kurudi. Hata hivyo, uzito wa jambo hili haumo katika kiasi peke yake, bali pia katika wakati kiasi hicho kilipotajwa. Muuzaji ameificha ada mpaka watoto wameshaahidiwa na moyo wa mnunuzi umeshafungamana na safari. Mwenye kuuza viungo Marikiti akitutajia bei ya iliki, kisha baada ya kufunga akadai malipo ya kupimia mizani, tungemrudishia iliki yake. Mbele ya simu, wengi wetu hulipa tukanyamaza.

Huko Marekani jambo hili limepimwa. Mwaka 2018 afisi ya ukaguzi inayolitumikia Bunge la nchi hiyo ilieleza kwamba ada zilifikia wastani wa asilimia 27 ya bei ya tikiti kwa wauzaji wa kwanza, na asilimia 31 kwa masoko ya kuuzia tikiti mara ya pili. Mwaka 2015 kampuni ya StubHub iliwagawa wateja wake. Baadhi walionyeshwa bei kamili tangu mwanzo, na wengine wakaonyeshwa ada mwishoni. Walioonyeshwa mwishoni walitumia takriban asilimia 21 zaidi. Basi kuchelewesha ada si kusahau. Ni njia ya kuongeza mauzo.

Ndiyo maana sheria zimeanza kuingia kati. Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilitangaza kanuni yake Desemba 2024, ikaanza kutumika tarehe 12 Mei 2025 kwa tikiti za hafla za moja kwa moja na kwa malazi ya muda mfupi. Kila anayetangaza bei hutakiwa aonyeshe jumla yake pamoja na ada zote za lazima, na jumla hiyo ionekane wazi kuliko vipande vyake. Kodi za serikali na gharama za kusafirisha zaweza kubaki nje ya jumla hiyo, lakini lazima zielezwe kabla mnunuzi hajaombwa kulipa. Uingereza nayo, kuanzia tarehe 6 Aprili 2025, imekataza bei inayodondoka kidogo kidogo.

Kanuni hizi hazikatazi ada wala hazipangi bei. Huenda msomaji akauliza, faida yake ni ipi? Turudi kwenye mfano wetu. Mwandalizi mwingine aliyetangaza shilingi 1,200, kila kitu ndani yake, angeitoza familia ile shilingi 6,000, yaani pungufu ya yule wa kwanza. Lakini katika tangazo yeye ndiye aonekanaye ghali. Pasipo kanuni, mkweli hupoteza wateja na mficha ada huvuna. Kanuni humrudishia mnunuzi uwezo wa kulinganisha, na humlinda mfanyabiashara mwaminifu.

Hapa kwetu Kenya hatuanzi kutoka patupu. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata maelezo yanayohitajika na haki ya kulindwa maslahi yake ya kiuchumi. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakataza maelezo ya uongo na ya kupotosha, na kuhusu mikataba ya intaneti inataka mnunuzi apewe nafasi ya wazi ya kukubali, kukataa au kusahihisha makosa kabla ya kufunga mkataba. Mwaka 2016 Mamlaka ya Ushindani iliwaagiza watoaji wa huduma za fedha kwa simu wamwonyeshe mteja gharama kabla hajathibitisha. Lililowezekana katika fedha za simu lawezekana katika tikiti.

Nasi Waislamu tuna sababu iliyo kubwa kuliko hizo. Katika Surat An-Nisaa, Mwenyezi Mungu ametukataza kulana mali kwa batili, akahalalisha biashara ya kuridhiana. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wa Pwani twayafuata, bei kujulikana ni sharti la kusihi kwa mauzo. Na twajua jinsi Mtume (S.A.W.) alivyotia mkono katika rundo la nafaka sokoni, akakuta chini yake pamelowa, akamuuliza mwenyewe kwa nini hakuiweka iliyolowa juu watu wapate kuiona. Hukumu ya mkataba huu au ule twawaachia mashekhe. Lakini ada iliyowekwa chini ya rundo yatosha kutukumbusha kisa hicho.

Basi, akina mama na akina baba, tusiwaahidi watoto kabla ya kuufikia ukurasa wa malipo na kuiona jumla. Tulinganishe jumla kwa jumla. Tuhifadhi picha ya tangazo na risiti ya malipo, kwani mlalamikaji asiye na ushahidi hana nguvu. Tukipotoshwa, tumwandikie mwandalizi kwanza, na asiposikia tupeleke malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani.

Wengi wetu pia ni waandalizi. Madrasa zetu huandaa matamasha ya kuchangisha, na vyama vya kina mama huuza tikiti za semina na maonyesho. Tangazo letu liandike jumla: kiingilio, chakula kama ni cha lazima, na ada ya kulipia kwa simu. Tikiti ya shilingi 650 iliyosemwa wazi ina baraka kuliko ya 500 inayokua mlangoni. Mwenyezi Mungu atujaalie ukweli katika kuuza kwetu na katika kununua kwetu. Amin.