Programu Ndani ya Kicheza Muziki: Sifa Zinazofaa Ngara na Biharamulo

Vyombo vidogo vya kupigia muziki, vinavyotumia memori kadi na betri ya kuchaji, vimeenea katika masoko mengi ya Tanzania. Mnunuzi aghalabu hutazama mambo matatu: bei, ukubwa wa sauti na muda wa betri. Ni nadra kuuliza juu ya programu iliyomo ndani. Hata hivyo programu hiyo ndiyo inayoamua kwa sehemu kubwa kama chombo kitakuwa cha kuburudisha tu, au kitaweza pia kumsaidia mwanafunzi, mkulima au asiyeona. Katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, tofauti hiyo ina uzito wa pekee.

Kazi ya programu ya ndani

Kicheza muziki ni kompyuta ndogo. Kina kichakato, kumbukumbu, vitufe na sehemu ya kugeuza tarakimu kuwa mkondo wa umeme unaotikisa spika. Sauti ya muziki isiyobanwa, kwa kipimo cha diski ya kawaida, huhitaji sampuli 44,100 kwa sekunde, kila moja ikiwa na biti 16, kwa njia mbili za sauti. Jumla ni biti 1,411,200 kwa sekunde. Ubanaji wa MP3 huweza kuzipunguza hadi biti 128,000, yaani takriban sehemu moja ya kumi na moja, kwa kuacha yale ambayo sikio huyasikia kwa shida.

Maneno matupu huhitaji nafasi ndogo zaidi. Somo la saa moja lililobanwa kwa biti 32,000 kwa sekunde huchukua baiti milioni 14.4. Kwa hiyo memori kadi ya baiti bilioni 1 huweza kubeba masomo ya saa 69. Nafasi, basi, si tatizo kubwa. Tatizo ni namna ya kulifikia somo linalotakiwa, na hiyo ni kazi ya programu.

Programu hubadilishwa

Kiwanda hutia programu yake ndani ya chombo, lakini si lazima iwe ya mwisho. Mwaka 2001 Waswidi watatu, Björn Stenberg, Daniel Stenberg na Linus Nielsen Feltzing, hawakuridhika na programu ya kicheza muziki cha Archos. Walianza kuandika nyingine, iitwayo Rockbox, wakaiweka wazi ili wengine waisome na kuirekebisha. Baadaye iliandaliwa kwa vyombo vya viwanda vingine pia. Katika miaka ya 2000 jitihada kama hiyo ilielekezwa kwenye vyombo vya bei nafuu sana vyenye chipu za Actions, ambazo moyo wake ulikuwa kichakato cha jamii ya Z80, kilichobuniwa katika miaka ya 1970.

Swali la kujiuliza ni hili: kama programu ya namna hiyo ingeandikwa kwa ajili ya wakazi wa Ngara na Biharamulo, ingepaswa kuwa na sifa gani?

Kwanza, kukumbuka mahali

Tanzania ina historia ndefu ya kujifunza kwa kusikiliza. Mwaka 1973 kampeni ya redio ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza na kujadili. Huko Ngara, Radio Kwizera ilianzishwa mwaka 1995 na Shirika la Wajesuti la Kuhudumia Wakimbizi, wakati wilaya hiyo ilipokuwa na makambi makubwa ya wakimbizi. Redio hufika mbali, lakini neno likishapita halirudi. Kicheza muziki huweza kulirudisha, mradi tu kikumbuke msikilizaji aliishia wapi. Vyombo vingi vya bei ndogo hukumbuka wimbo lakini husahau dakika. Kwa wimbo wa dakika 4 hilo si neno. Kwa somo la dakika 50 ni kero. Kuhifadhi alama ya mahali kwa kila faili huhitaji baiti chache tu.

Pili, kutaja menyu kwa sauti

Asiyeona hawezi kusoma kioo, na asiyejua kusoma vilevile. Rockbox huweza kutaja menyu na majina ya mafaili kwa sauti. Njia rahisi ya kufanya hivyo ni kurekodi kila neno la menyu katika faili dogo. Neno la sekunde 1, kwa kipimo kilichotajwa hapo juu, huchukua baiti 4,000. Maneno 200 huchukua baiti 800,000. Kwa kuwa maneno hayo ni sauti zilizorekodiwa, mzungumzaji wa Kihangaza au Kishubi huweza kuyarekodi kwa lugha yake, bila kungoja kiwanda cha ng'ambo.

Tatu, kubadili mwendo bila kubadili sauti

Mwanafunzi aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili hufika Kidato cha Kwanza akakuta masomo yakifundishwa kwa Kiingereza. Kusikiliza polepole humsaidia. Lakini mwendo ukipunguzwa hadi robo tatu kwa njia ya kawaida, sauti ya hezi 200 hushuka hadi hezi 150, na msemaji huvuma kama yumo ndani ya pipa. Dawa yake ni kukata sauti katika vipande vifupi mno na kuvipanga upya vikilaliana, hata muda uongezeke huku kimo cha sauti kikibaki kilekile.

Nne, kutunza betri

Maporomoko ya Rusumo, wilayani Ngara, yana mtambo wa megawati 80 unaozihudumia Tanzania, Rwanda na Burundi, nao ulianza kutoa umeme mwaka 2023. Hata hivyo kuwa karibu na mtambo si kuwa na waya nyumbani, na kila chaji ina thamani. Chukua mfano wa betri ya miliampea-saa 200. Chombo kikitumia miliampea 25, betri hudumu saa 8. Kikitumia 20, hudumu saa 10. Programu huleta akiba hiyo kwa kuzima kioo, kupunguza kasi ya kichakato pale kazi inapokuwa nyepesi, na kusoma data kwa mkupuo badala ya kidogo kidogo.

Mipaka na tahadhari

Kila sifa ina gharama. Chipu za bei nafuu zina kumbukumbu ndogo, na kubadili mwendo wa sauti huongeza kazi ya kichakato, hivyo hula betri ile ile inayotunzwa. Isitoshe, programu iliyoandikwa kwa chombo kimoja haifai kwa kingine chenye chipu tofauti, hata kama maganda yao yanafanana. Umeme ukikatika wakati programu mpya inaandikwa, chombo huweza kufa kabisa. Kwa sababu hiyo sifa ya tano, isiyoonekana, ni kuwa na sehemu ndogo ya kuwashia isiyoguswa, ili kazi iliyokatika iweze kuanzwa upya.

Kazi ya darasani

Mwalimu wa fizikia au wa kompyuta anaweza kuwagawa wanafunzi katika makundi na kuwapa kumbukumbu ya baiti 1,000,000 kuwa kikomo. Kila kundi liamue sifa zipi zitiwe na zipi ziachwe, kisha lieleze ni nani atakayenufaika na ni nani atakayekosa. Wakiyaondoa maneno ya menyu, watapata baiti 800,000 kwa mambo mengine, na asiyeona hatakitumia chombo hicho peke yake. Uamuzi kama huo hufanywa kila mara chombo kinapobuniwa. Mara nyingi hufanywa mbali na mahali kitakapotumika.