Sura ya 7: Kaure Inayochagua

Ukiwa Grande Barrière, Gisenyi, unangoja pasipoti ipigwe muhuri uvuke kwenda Goma, inua macho uangalie nguzo za umeme. Pale waya unapoegemea nguzo pana kikombe cha kaure au cha kioo. Kazi yake ni kukataa: umeme usishuke kwenye nguzo. NGK ya Nagoya, Japani, ilianzishwa mwaka 1919 ili kutengeneza vikombe hivyo, na baadaye ikatoa NAS, betri kubwa ya kuhifadhi umeme wa gridi. Mfinyanzi kuuza betri si ajabu, kwa sababu moyo wa betri hiyo ni udongo uliochomwa.

Wazo lenyewe lilianzia Ford, Marekani, miaka ya 1960, wakitafuta betri ya gari. NGK ililishika mwaka 1984 pamoja na TEPCO, kampuni ya umeme ya Tokyo, ikaliondoa garini na kulipeleka kwenye gridi.

Ndani ya kila seli mna mrija wa kaure ya beta-alumina, uliozibwa upande mmoja. Sodiamu iko ndani ya mrija, salfa iko nje, na zote zimeyeyuka. Kaure hii haikatai kila kitu kama kikombe cha nguzoni. Huruhusu ayoni za sodiamu zipite, lakini huzuia elektroni. Basi elektroni hulazimika kuzunguka kwa njia ya nje, kupitia waya, na huo mzunguko ndio umeme tunaoutumia. Ukichaji, sodiamu hurudi ilikotoka. Ufa mdogo tu kwenye mrija huzikutanisha sodiamu na salfa moja kwa moja, na hapo ndipo ufundi wa mfinyanzi unapopimwa.

Seli hufanya kazi kwenye joto la nyuzi 300 hivi, kwa hiyo hufungiwa ndani ya sanduku linalotunza joto kama chupa ya chai. Malighafi zake si adimu: sodiamu hutoka kwenye chumvi, na chumvi tunayo hata Katwe, Uganda. Salfa nayo wakazi wa Goma huivuta puani moshi wa volkano ya Nyiragongo unapowaelekea, ingawa ya viwandani hutoka zaidi kwenye usafishaji wa mafuta.

Hatari yake haifai kufichwa. Septemba 2011 betri za NAS ziliwaka kwenye kiwanda kimoja mkoani Ibaraki, Japani. NGK ilisimamisha uzalishaji, ikawaomba wateja wazime zao. Ilibainika kwamba seli mbovu ilivuja, majimaji ya moto yakaunganisha seli jirani. Fyuzi na vizuizi viliongezwa, kazi ikarudi mwaka 2012.

Nguvu yake ni saa. NAS hutoa umeme kwa saa 6 hivi mfululizo: za Abu Dhabi, zilizozinduliwa mwaka 2019, zina megawati 108 na huhifadhi megawati-saa 648. Huo ni uwezo wa kubeba jua la mchana hadi usiku.

Je, ingefaa hapa mpakani? Goma ina kituo cha jua cha kampuni ya Nuru cha megawati 1.3, chenye betri, tangu 2020. Kwa kituo cha ukubwa huo, betri ya litiamu isiyodai joto ndiyo nyepesi kuitunza. Upande wa Rwanda, ghala limo majini tayari. Ziwa Kivu lina takriban kilomita za ujazo 60 za gesi ya methani kwenye kina chake. Kiwanda cha bia cha Bralirwa, Gisenyi, kilianza kuitumia mwaka 1963, na mtambo wa KivuWatt, Kibuye, huigeuza kuwa megawati 26, mchana na usiku. Gesi ikikaa ziwani haipotei, wala haihitaji tanuri la nyuzi 300. Kwa mtu wa Gisenyi, basi, betri ya aina ya NAS ni ya siku ambayo jua litakuwa na megawati nyingi kuliko gridi inavyoweza kumeza adhuhuri. Hadi siku hiyo, fedha ziende kwanza kwenye mitambo ya gesi na kwenye nyaya.