Utani wa Jadi: Mpaka Wake Uko Wapi?



Jumapili ya tarehe 5 Novemba 2023 Yanga waliifunga Simba mabao 5-1 katika Uwanja wa Benjamin Mkapa. Sisi mafrateri tuliutazama mchezo huo kwenye runinga ya ukumbi wetu, na wengi wetu ni Yanga. Asubuhi iliyofuata, wakati wa kutakiana amani katika Misa, mmoja wetu alimgeukia mwenzake wa Simba akampungia mkono, vidole vyote vitano vimepanuliwa. Benchi zima la nyuma lilicheka kwa kubana pumzi. Aliyepungiwa hakucheka.

Tuliendelea. Mezani alipakuliwa maharage matano, yaliyohesabiwa. Usiku mlango wake uligongwa mara tano, kisha miguu ikasikika ikikimbia koridoni. Wiki ya pili alianza kuja kula tumekwisha kuondoka, na saa ya mapumziko akawa anakwenda bustanini peke yake na jembe. Sisi tukasema, "Huyu hajui utani."

Sentensi hiyo ndiyo tunayotaka kuichunguza hapa, maana tunadhani walioshindwa utani tulikuwa sisi.

Utani kwetu si mzaha wowote tu. Wangoni na Wahehe walipigana vita katika karne ya 19, na wajukuu wao leo ni watani. Mtani anaweza kukutukana mchana kweupe nawe usikasirike. Anaweza kufika msibani akamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, watu wakacheka machozi yakiwa bado mashavuni. Lakini mtani huyohuyo ndiye anayeshika jembe kaburini na kuteka maji ya wapishi. Anayetania msibani bila kushika kazi yoyote, wazee humwona mhuni. Tena utani huenda na kurudi: leo unanisema, kesho nakusema, na wote wawili tunajua zamu itafika.

Simba na Yanga wamelirithi jina hilo, "watani wa jadi", na wana haki nalo. Yanga ilianzishwa mwaka 1935. Mwaka uliofuata ikazaliwa klabu ya pili, iliyopitia majina ya Queens, Eagles na Sunderland kabla ya kuitwa Simba mwaka 1971. Husimuliwa kwamba walioianzisha walitoka Yanga, kwa hiyo huu ni ugomvi wa ndugu wa Kariakoo. Na zamu zimekwenda na kurudi kweli. Simba walishinda 6-0 mwaka 1977. Tarehe 6 Mei 2012 wakashinda 5-0, na sisi tuliokuwa watoto wa shule ya msingi wakati huo tunakumbuka vidole vitano tulivyoonyeshwa na kila kondakta wa daladala. Tulingoja miaka kumi na moja kulipa. Labda ndiyo maana tulilipa na riba.

Aristotle, ambaye tunamsoma mwaka huu, anasema katika mzaha kuna fadhila iliyo katikati. Upande mmoja yupo anayetaka kuchekesha kwa gharama yoyote, hata akimuumiza anayetaniwa. Upande wa pili yupo mtu mkavu, hachekeshi wala hataki kuchekeshwa. Mtakatifu Tomaso wa Akwino anaipokea hoja hiyo na kuiweka chini ya fadhila ya kiasi. Kwake, roho huchoka kama mwili unavyochoka, na mchezo ni pumziko lake. Asiyecheza kamwe na kuwaharibia wenzake furaha, naye ana kosa. Kwa hiyo wale wanaodhani frateri hapaswi kujua msimamo wa ligi, wamjibu Tomaso.

Lakini Tomaso huyohuyo ana swali zima kuhusu dhihaka, na hapo ndipo alipotushika. Anaitofautisha dhihaka na matusi kwa nia: mwenye kudhihaki anakusudia mwenzake aone haya. Ikiwa kinachochekwa ni jambo dogo, basi ni jambo dogo. Ila mtu mwenyewe akifanywa kuwa si kitu, uzito wa kosa unabadilika. Tukajiuliza: maharage yale matano yalikuwa yanaicheka Simba, au yanamcheka yeye? Siku ya kwanza, Simba. Kufikia siku ya kumi hakuna aliyekuwa akiutaja mpira tena. Tulikuwa tunangoja tu kuona uso wake utakavyobadilika. Tena alikuwa mmoja, sisi kundi. Zamu yake ingefikaje?

Parokiani mambo hayako mbali na haya. Tukiwa likizo tumekuta jumuiya ndogo ndogo ambayo wanajumuiya wawili walihama nyumba ya kusalia kwa sababu ya maneno ya derby. "Kolo" na "Utopolo" ni majina ya utani yanayovumilika kijiweni, ila mzee akiitwa hivyo mbele ya wajukuu wake, jina lilelile limekuwa jambo jingine. Na honi ya vuvuzela saa saba usiku dirishani kwa jirani mwenye mgonjwa hatuoni ina uhusiano gani na ushabiki.

Hatimaye watatu kati yetu tulikwenda chumbani kwake baada ya sala ya usiku. Tulikuwa tumepanga maneno, na aliyechaguliwa kuyasema alikuwa anatetemeka kidogo. Tukagonga mara tatu, kwa adabu.

Kimya. Kisha sauti yake ikatoka ndani:

"Bado mbili. Malizeni, nifungue."