Namna ya kuitambua sarafu ya Kirumi iliyofutika maandishi

Aprili 2010, Dave Crisp, Mwingereza anayetafuta vitu vya kale kwa kifaa cha kunasa metali, aligundua mtungi uliofukiwa shambani karibu na mji wa Frome, kusini-magharibi mwa Uingereza. Alipoona umejaa sarafu, aliacha kuchimba akawaita wanaakiolojia. Mlikuwa na sarafu za Kirumi 52,503, uzito wa kilo 160 hivi.

Hesabu hiyo inaeleza kwa nini sarafu za Kirumi hazimo kwenye makumbusho peke yake. Dola ile ilifua sarafu nyingi mno, karne baada ya karne, na zile za shaba zilizochakaa huuzwa Ulaya na Marekani kwa bei ambayo mkusanyaji anayeanza anaimudu. Kazi huanza sarafu inapofika mkononi: sura imesagika, maandishi yamekatika, na chote kinachoonekana ni kisahani cha rangi ya kahawia na kijani. Wengi hukata tamaa hapo. Hawana haja, kwa sababu herufi ndizo zinazofutika mapema, na ushahidi ulio mwingi hauhitaji herufi.

Anza na vipimo. Rula yenye milimita na mizani ndogo kama ya sonara vinatosha. Sarafu nene ya milimita 30 na zaidi, yenye uzito wa gramu 20 na kitu, haiwezi kuwa ya karne ya 4. Hiyo yaelekea ni sestertius, ya karne tatu za mwanzo. Ukiona herufi mbili kubwa S na C upande wa nyuma, dhana hiyo inapata nguvu, maana ni kifupi cha maneno ya Kilatini yanayotaja amri ya Baraza la Seneti. Kisahani chembamba cha milimita 15 hadi 18, chenye gramu moja na nusu hadi mbili na nusu, kwa kawaida ni cha karne ya 4, na hicho ndicho anachokutana nacho zaidi mgeni wa fani hii.

Kisha tazama kichwa. Zima taa ya juu, washa taa moja ya mezani, uilaze ubavuni mwa sarafu na kuizungusha sarafu polepole. Mwanga wa ubavuni huonyesha alama hafifu kama jua la alasiri linavyoonyesha matuta ya shamba. Makaizari wengi huchorwa wakitazama kulia, kwa hiyo ukishapata pua na kidevu umejua juu ni wapi na chini ni wapi. Halafu angalia alichovaa. Taji la miale iliyochongoka, kwenye sarafu ya milimita 20 hivi, ni alama ya karne ya 3. Nyingi za Frome ni za namna hiyo. Shada la majani lilitumika tangu mwanzo wa dola. Utepe wa kifalme, mara nyingi wenye safu za lulu, ulianza kuonekana kwenye sarafu wakati wa kaizari Constantine, miaka ya 320. Kwa kilicho kichwani tu, umeshapunguza karne.

Upande wa nyuma, tafuta umbo kabla ya neno. Mbwa mwitu jike akinyonyesha watoto wawili ni sarafu ya kuutukuza mji wa Roma, iliyoanza kufuliwa mwaka 330. Askari akimchoma mkuki mpanda farasi anayeanguka ni ya mwaka 348 na kuendelea. Malaika mwenye mbawa anayetembea kushoto na shada mkononi, ambaye kwa kweli ni Victoria, mungu wa kike wa ushindi, mara nyingi ni wa enzi ya Valentinian na nduguye Valens, 364 hadi 378.

Chukua mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Kisahani kina milimita 16. Nyuma wanaonekana watu wawili wamesimama wakitazamana, kila mmoja na mkuki, na herufi RIA EXE zimesalia ukingoni. Hiyo ni GLORIA EXERCITVS, utukufu wa jeshi. Sasa hesabu bendera za kikosi zilizo kati yao. Zikiwa mbili, sarafu ni ya 330 hadi 335. Ikiwa moja, ni ya 335 hadi 341. Hapa ni moja. Chini ya mstari wanaposimama askari ndipo ilipowekwa alama ya karakana, na herufi SMAL zinatupeleka Alexandria, Misri.

Kwa mbele limebaki CONSTAN tu, na hapo ndipo wanaoanza wanapojikwaa. Constantine, mwanawe mwenye jina hilohilo, na wanawe wengine Constantius na Constans, wote majina yao huanza na herufi hizo saba. Kama mwisho wa maandishi unasoma NOB C, ni mwana akiwa bado mrithi; kama ni AVG, ni kaizari kamili. Kama vyote vimefutika, andika kwenye karatasi yake: ukoo wa Constantine, Alexandria, 335 hadi 341. Usichague jina kwa kubahatisha. Mwanaakiolojia Richard Reece aliigawa historia ya sarafu za Kirumi nchini Uingereza katika vipindi 21, na sarafu isiyo na jina bado huhesabiwa katika kipindi chake.

Usisugue. Ndimu, siki na brashi ya waya huondoa utandu wa nje, na mara nyingi utandu huo ndio ulioshika mchoro. Loweka kwenye maji yaliyotoneshwa, uyabadilishe mara kwa mara, usafishe kwa kijiti cha mbao laini. Ukiona unga wa kijani kibichi unaochomoza, itenge na nyingine, maana shaba hiyo inaendelea kuliwa.

Na kabla ya kulipa, muulize muuzaji sarafu imetoka wapi. Uturuki, kwa mfano, inakataza mambo ya kale kutolewa nchini. Pale Frome mtungi ulifukuliwa tabaka kwa tabaka, na sarafu nyingi za kaizari Carausius, za mwisho kufuliwa, zikakutwa chini ya za zamani zaidi. Ndipo wataalamu wakaona kuwa mtungi haukujazwa kidogo kidogo kwa miaka. Crisp angezizoa zote kwa koleo, jibu hilo lingepotea, hata kama kila sarafu ingesomeka vizuri.