Matairi Mapya: Chagua kwa Njia Yako na Mzigo Wako

Mashamba ya skimu yalipoanza kugawanywa katika miaka ya 1960, wakulima wengi walipeleka maziwa barabarani kwa miguu, kwa baiskeli au kwa punda. Siku hizi wako wengi wenye motokaa, na mara nyingi ni motokaa ya jamaa yenye kimo, ambayo asubuhi hupeleka watoto shule, mchana hupeleka viazi sokoni, na usiku wa manane humpeleka mgonjwa hospitali.

Motokaa hiyo hugusa ardhi mahali 4 tu, na kila mahali ni karibu sawa na kiganja cha mtu mzima. Hata injini iwe na nguvu namna gani, na breki ziwe kali namna gani, kazi yake yote hupitia katika viganja hivyo 4. Kwa hiyo kuchagua tairi si jambo la kumwachia mwenye duka.

Wakati wa kubadili

Ndani ya mifereji ya tairi kuna vipande vidogo vya mpira vilivyoinuka. Meno ya tairi yakilika hata yakawa sawa na vipande hivyo, yamebaki milimita 1.6, na tairi hilo limekwisha. Lakini mkulima mwangalifu hangoji mpaka hapo. Kazi ya mifereji ni kutoa maji. Ikiwa mifupi, maji hukaa kati ya tairi na lami, na motokaa huelea kama mtumbwi. Wakati huo usukani hausikii na breki hazishiki.

Pima mifereji kwa rula mwezi wa Februari, kabla ya mvua ndefu, na tena mwezi wa Septemba, kabla ya mvua fupi. Ikibaki milimita 3, anza kuweka fedha za matairi. Tazama ubavuni pia. Tairi lenye uvimbe au mpasuko litolewe mara moja, hata kama meno yake bado ni marefu.

Lipi linafaa?

Matairi ya motokaa za namna hii ni ya aina 3.

1. Tairi la barabara. Meno yake ni madogo na yamekaribiana. Huenda kimya, halili mafuta mengi, na hushika vizuri juu ya lami yenye maji. Kwenye udongo mweusi meno yake hujaa matope upesi, likateleza.

2. Tairi la njia zote. Meno yake ni makubwa zaidi, na mara nyingi ubavu wake ni mnene. Hustahimili mawe ya murram na kushika matope kiasi. Lakini ni zito, lina kelele, na hula mafuta zaidi.

3. Tairi la matope. Meno yake ni makubwa sana na yameachana. Kwenye lami yenye maji halishiki vizuri kama yale mengine, nalo hulika upesi. Halifai motokaa ya kupeleka watoto shule.

Katika matairi ya aina ya kwanza utaambiwa kwamba mengine ni ya misimu yote. Fahamu kwamba jina hilo lilitoka katika nchi zenye baridi kali, ambako msimu mmoja ni wa joto na mwingine ni wa theluji. Herufi M+S ubavuni maana yake ni matope na theluji, lakini si ahadi kwamba tairi litapita katika matope ya Kinangop. Alama ya mlima wenye vilele 3 na chembe ya theluji huonyesha kwamba tairi limepimwa juu ya theluji. Hapa kwetu usiongeze hata shilingi moja kwa ajili ya alama hiyo.

Basi hesabu safari zako za wiki nzima. Tuseme mkulima ana kilomita 3 za udongo mpaka barabara kuu, kisha kilomita 30 za lami. Ikiwa zile 3 ni za murram ngumu, tairi la barabara la misimu yote lenye mifereji mipana litamtosha. Ikiwa ni za udongo mweusi, naye hupita hapo kila siku na maziwa, tairi la njia zote lina faida kuliko hasara yake ya mafuta. Usinunue tairi kwa ajili ya siku moja mbaya ya mwaka. Siku hiyo ni heri kungoja njia ikauke.

Soma ubavu wa tairi

Tuseme imeandikwa 225/65R17 102H. Namba 225 ni upana kwa milimita. Namba 65 ni kimo cha ubavu, yaani asilimia 65 ya upana huo. Namba 17 ni inchi za rimu. Namba 102 ni ya mzigo: tairi moja linaweza kubeba kilo 850. Herufi H ni ya mwendo, usiozidi kilomita 210 kwa saa.

Angalia sana namba ya mzigo. Tairi la namba 95 hubeba kilo 690 tu. Magunia 6 ya viazi ya kilo 50 ni kilo 300, na sehemu kubwa ya uzito huo huangukia magurudumu ya nyuma. Usinunue tairi lenye namba ndogo kuliko ile iliyoandikwa na watengenezaji wa motokaa, hata kama bei yake ni nafuu.

Kisha tafuta namba 4 za tarehe. Ukiona 2324, tairi lilitengenezwa katika wiki ya 23 ya mwaka 2024. Mpira huzeeka hata ukikaa dukani. Tairi linaloitwa jipya, kumbe lina miaka mingi, mrudishie mwenyewe.

Kuyafunga na kuyatunza

Ikiwa injini huendesha magurudumu yote 4, ni vizuri kubadili matairi yote pamoja. Matairi yasiyolingana huzunguka kwa mwendo tofauti na kuharibu gia. Ikiwa injini huendesha magurudumu 2, nawe una fedha za matairi 2 tu, yale mapya yafungwe nyuma, ili motokaa isigeuke mkia mbele penye utelezi.

Kiasi cha upepo kimeandikwa kwenye kibandiko penye mlango wa dereva. Pima asubuhi, matairi yakiwa baridi, wala usisahau tairi la akiba. Mara nyingi huonekana bovu siku ile tu linapohitajiwa.

Kabla ya kulipa, jiulize maswali 2: ninapita wapi, na ninabeba nini? Mwenye kuyajibu vizuri hatalala njiani na mgonjwa garini.