Kiguru Si cha Kufichwa

Watoto wengine huzaliwa na kiguru, yaani unyayo umepinda kwa ndani na kisigino kimeinuka. Wasipotibiwa hukua wakikanyaga kwa upande wa mguu, na ngozi ya hapo hufanya sugu. Wapo wanenao kwamba ni laana, au kwamba mama alimcheka kilema. Hayo si kweli. Mguu hupinda mtoto angali tumboni, wala si kwa kosa la mtu.

Mimi nilizaliwa hivyo, nami sikutibiwa. Shuleni wenzangu waliniita "Kiguru" hata wengine wakasahau jina langu la ubatizo. Tulipokuwa watu wazima hakuna aliyeniita hivyo tena, lakini mazoea ya kujificha hayakuniacha. Mtu wa namna yangu hupenda suruali pana. Hufika mkutanoni kabla ya wote na kuondoka nyuma ya wote, ili asionekane akichechemea. Wakubwa wake humsifu kwa kuwahi, wasijue sababu.

Kama aibu hiyo ingekuwa yangu peke yangu, nisingeiandika. Lakini kiguru huweza kufuata ukoo, na mzazi aliyezoea kuficha mguu wake huona vyepesi kuficha na wa mtoto. Mwanangu wa pili alizaliwa nacho. Hospitalini tabibu aliuliza kama yuko mwingine katika jamaa. Nikavua kiatu na soksi mbele ya akina mama waliokuwa wakingoja zamu. Hakuna aliyecheka. Mmoja wao alifunua blanketi, akanionyesha mguu wa mtoto wake.

Matibabu yake yafaa yaanze katika majuma ya kwanza ya maisha. Njia itumikayo ni ya Daktari Ignacio Ponseti (1914–2009), mzaliwa wa Hispania aliyefanya kazi Iowa, Marekani. Mguu hunyoshwa polepole kwa mikono, kisha hufungwa plasta, nayo hubadilishwa kila juma, kwa kawaida mara 5 hadi 7. Watoto wengi hukatwa kidogo kano ya kisigino. Baadaye mtoto huvalishwa viatu vilivyounganishwa kwa kipande cha chuma, saa 23 kwa siku kwa muda wa miezi 3, halafu wakati wa kulala mpaka apate miaka 4 au zaidi. Wazazi wakiviacha mapema kwa kuona mguu umenyoka, hupinda tena.

Mficha maradhi, kifo humwumbua. Majirani wakiuliza chuma kile ni cha nini, nawaeleza, na mguu wangu nawaonyesha.