Laki moja ya kuanzia: taa zipi za dukani zibadilishwe kwanza

Mwenye duka la nguo anajua bei ya kila gauni lililotundikwa ukutani, na kodi ya fremu anaijua hata ukimwamsha usiku wa manane. Muulize taa zake zinakula uniti ngapi kwa mwezi, wengi watakutajia kiasi cha umeme wa LUKU walichonunua mara ya mwisho. Ndani ya kiasi hicho kuna feni, pasi, pengine na kiyoyozi. Taa zihesabiwe peke yake. Kazi hiyo haimalizi nusu saa, na ndiyo itakayokuonyesha hela yako ianzie wapi.

Tuchukue duka la mfano, Kariakoo. Darini kuna tyubu 12 za futi nne, za wati 36. Juu ya rafu kuna taa ndogo 10 za halojeni, wati 50 kila moja, zinazomulika nguo. Duka hubaki wazi kwa saa 12 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, kwa hiyo taa zinawaka saa 312. Mfanyabiashara mdogo wa daraja la T1 hapa Tanzania hulipa takriban shilingi 356 kwa uniti, kodi na tozo zikiwemo. Uliye Mombasa au Kigali weka bei ya kwako, hesabu ni ileile.

Jambo moja husahauliwa: tyubu ya wati 36 hula zaidi ya wati 36, maana choki nayo ina mgao wake. Ukijumlisha unafika kama 45. Basi kwa mwezi mambo yako hivi:

- Tyubu 12 za zamani: uniti 168, kama shilingi 60,000.
- Tyubu 12 za LED za wati 18: uniti 67, kama shilingi 24,000.
- Halojeni 10: uniti 156, kama shilingi 55,500.
- Taa 10 za LED za wati 7 mahali pa halojeni: uniti 22, kama shilingi 7,800.

Ukibadilisha zote unabakiwa na shilingi 83,700 kila mwezi. Kwa mwaka inapita milioni moja.

Halojeni zitangulie

Tuseme taa ndogo ya LED yenye waranti ni shilingi 10,000. Kumi ni laki moja, na kila mwezi zinaokoa shilingi 47,700. Miezi miwili na siku chache, hela imerudi. Kama zinakaa kwenye holda ileile ya umeme wa kawaida, unazibadilisha mwenyewe swichi ikiwa imezimwa. Kama ni zile za volti 12 zenye transfoma, mwite fundi aikague kwanza, kwani baadhi ya transfoma za zamani hazielewani na mzigo mdogo na taa hubaki zinachezacheza.

Faida haiishii kwenye LUKU. Halojeni huishi kama saa 2,000, yaani katika duka hili utanunua nyingine karibu mara mbili kwa mwaka. LED ya saa 15,000 itakufikisha miaka minne. Halafu kuna joto: wati 500 za halojeni ni kama kuwasha pasi ndogo humo ndani kutwa nzima, huku kiyoyozi unakilipia kupoza.

Tyubu zifuate

Weka tyubu ya LED shilingi 15,000 na fundi 70,000 kwa kazi yote. Jumla ni 250,000, na inarudi kwa miezi saba. Kwenye choki ya zamani ya chuma, tyubu nyingi za LED huja na stata yake ya kuweka mahali pa ile ya kwanza. Kama choki ni ya kielektroniki, fundi aiondoe na kuunganisha waya upya. Kazi hiyo usiifanye kwa kubahatisha.

Tyubu za zamani, hata kama bado zinawaka, hazina miaka mingi. Mwaka 2023, nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki zilikubaliana kusitisha utengenezaji na biashara ya tyubu hizi ifikapo 2027. Zebaki imo ndani ya tyubu hizo, kwa hiyo unapozitoa usizivunje wala kuwaachia watoto wachezee.

Enajiseva zisubiri

Hapa wauzaji wengi hawatakwambia ukweli. Kubadilisha enajiseva ya wati 20 kwa LED ya wati 12 kunaokoa chini ya shilingi 900 kwa mwezi. Iache mpaka iungue. Taa ya stoo inayowashwa dakika chache kwa siku nayo iwe ya mwisho kabisa.

Soma boksi kabla ya kulipa

Mwanga hupimwa kwa lumeni, wati ni ulaji tu. Taa mbili za wati 18 zinaweza kutofautiana sana. Tazama pia CRI, kipimo cha jinsi rangi zinavyoonekana kwa uhalisi wake: isipungue 80, na kwa vitambaa tafuta 90. Mteja anayebeba kitenge mpaka mlangoni akakitazame kwenye jua anakwambia kuwa taa zako zinampotosha. Kelvin 4,000 ni mwanga wa wastani unaofaa nguo, 6,500 huvuta kwenye ubuluu. Umeme wa kwenu ukipanda na kushuka, chagua yenye kuvumilia volti kuanzia 100 hadi 240 au zaidi.

Tyubu ya 6,000 isiyo na waranti inakuokolea shilingi 9,000 leo. Ikiungua ndani ya mwaka, utanunua tena na fundi atataka chake tena. Nunua moja ya majaribio, iwashe wiki nzima, imulike kwa kamera ya simu: ukiona mistari inatembea, mwanga huo unapepesa.

Usiyekuwa na 350,000 kwa mkupuo, usikate tamaa. Anza na laki moja ya zile kumi za rafuni. Shilingi 47,700 zinazobaki kila mwezi ziweke kando, usizichanganye na mauzo. Baada ya miezi sita zitakuwa zimefika 286,000: tyubu zote 12, fundi, na chenji juu.